Amiloidosisi ya AL: dawa tatu, dawa nne au kupandikiza uloto?

Makala haya ni ya mtu aliyekwisha kupewa jibu la amiloidosisi ya AL, au ya mwanawe, au mkewe anayekaa naye kwenye foleni ya kliniki. Daktari ametaja njia mbili tatu za matibabu, ndugu walioko nje wametuma nyingine, na kikundi cha familia cha WhatsApp kimeanza kuchangisha nauli ya India kabla mtu hajauliza mgonjwa anakwenda kutibiwa nini hasa. Nitaziweka njia hizo bega kwa bega. Msimamo wangu nautoa mapema: katika ugonjwa huu kinachoamua ni hali ya moyo na uwezekano wa kuanza dawa mapema. Jina la dawa na sifa za hospitali vinakuja baadaye.

Ugonjwa wenyewe kwa ufupi. Ndani ya uboho, ambao hospitalini wengi wanauita uloto, kuna seli za plazma zinazotengeneza kingamwili. Kundi moja la seli hizo linaharibika na kumwaga kwenye damu vipande vya protini vilivyojikunja vibaya, vinavyoitwa minyororo myepesi. Vipande hivyo vinashikamana na kuwa nyuzi ziitwazo amiloidi, kisha vinatuama kwenye moyo, figo, ini, utumbo, neva, hata ulimi. Moyo unakakamaa, figo zinavujisha protini, mkojo unatoa povu, miguu inavimba. Mtu aliyemeza dawa za presha ya kupanda kwa miaka mingi anashangaa presha yake inashuka yenyewe na kizunguzungu kinamshika kila akisimama.

Matibabu yote ninayoyalinganisha hapa yanazishambulia seli zinazotoa protini hiyo. Amiloidi iliyokwisha kutuama, mwili unaiondoa wenyewe, polepole sana. Birtamimabu na anselamimabu, dawa mbili zilizobuniwa ili kuisafisha, majaribio yake makubwa hayakufikia lengo kuu mwaka 2025. Kwa hiyo mtu akikuletea mizizi, chai au vidonge vya kuyeyusha amiloidi, hela yako iache mfukoni.

Kwanza hakikisha ni AL

Amiloidosisi zina aina nyingi, na mbili zinazoushika moyo zaidi ni AL na ATTR. ATTR inatokana na transthairetini, protini inayotengenezwa na ini. Kwa dalili na kwa picha ya moyo zinafanana mno, ila matibabu hayafanani hata kidogo. Mgonjwa wa ATTR akipewa dawa za AL anapata madhara yote bila faida. Mgonjwa wa AL akicheleweshwa kwa kudhaniwa ana ATTR anaweza kufariki ndani ya miezi michache.

Kwa watu weusi jambo hili lina uzito wa pekee. Miongoni mwa Wamarekani weusi, asilimia 3 hadi 4 wamerithi badiliko la jeni liitwalo V122I, lenye asili ya Afrika Magharibi, ambalo linaweza kuleta ATTR ya moyo ukubwani. Wakati huohuo watu weusi wanakutwa na protini ya ziada ya seli za plazma kwenye damu, isiyowadhuru, karibu mara mbili kuliko wazungu. Mzee mmoja anaweza kuwa na vyote viwili: ATTR moyoni, na protini isiyo na hatia damuni. Anayesoma karatasi ya damu peke yake atamwandikia AL na kumwanzishia kemo.

Kinachoamua ni kinyama, yaani kipande kidogo kinachotolewa mwilini na kupimwa. Daktari anavuta mafuta kidogo chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano, na uboho kwenye mfupa wa nyonga. Vipimo hivyo viwili vikifanywa pamoja vinaikamata amiloidi kwa takriban asilimia 85 ya wagonjwa wa AL. Maabara wanakipaka rangi iitwayo Kongo nyekundu. Chini ya darubini ya kawaida kipande kinaonekana chekundu kama tofali. Mpimaji akikizungusha kichujio cha mwanga, sehemu zilezile nyekundu zinawaka kijani cha tufaha bichi. Hapo amiloidi imethibitika, lakini aina yake bado. Aina inatambuliwa vizuri zaidi kwa mashine ya spektrometria inayosoma protini moja moja, na mashine hiyo iko katika vituo vichache kama Mayo Clinic ya Marekani na National Amyloidosis Centre iliyoko Royal Free Hospital, London.

Mgonjwa mwenyewe hana haja ya kupanda ndege kwa ajili hiyo. Kinyama kilichogandishwa kwenye nta kinatumwa kwa kifurushi. Kama familia ina uwezo wa kulipia kitu kimoja tu nje ya nchi, ningelipia hicho kabla ya tiketi. Picha ya nyuklia ya moyo, ile inayowaka kwa ATTR, isikuridhishe peke yake, kwa sababu huwaka pia kwa baadhi ya wagonjwa wa AL. Damu na mkojo lazima vipimwe minyororo myepesi kwanza.

Karatasi ya pili ya kuwa nayo mkononi ni ya moyo: NT-proBNP na troponini, vipimo vya damu vinavyoonyesha moyo umeelemewa na kuumia kiasi gani, pamoja na eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. NT-proBNP ikiwa chini ya 332 na troponini ikiwa ya kawaida, moyo haujaguswa sana. Ikiwa juu ya 8,500 na troponini nayo imepanda, hiyo ni hatua ya IIIb, ambayo kwa wengi wakati unahesabiwa kwa miezi. Kabla hujasoma sehemu inayofuata, zitafute namba hizo mbili.

Dawa tatu na dawa nne

Dawa tatu ni botezomibu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Velcade, pamoja na siklofosfamidi na deksamethazoni. Botezomibu inachomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki. Nyingine mbili zinaweza kumezwa. Kwa kawaida ni mizunguko 6, kila mmoja wiki 4. Dawa nne ni hizohizo ukiongeza daratumumabu, kingamwili ya maabara inayozitafuta seli za plazma zenyewe.

Tofauti yao tunaijua vizuri kwa sababu ziliwekwa ana kwa ana katika jaribio lililoitwa ANDROMEDA, lenye wagonjwa 388. Waliopewa dawa nne, asilimia 53 protini mbaya ilitoweka kabisa kwenye vipimo. Waliopewa dawa tatu, asilimia 18. Baada ya miezi 6, moyo ulionyesha nafuu kwa asilimia 42 upande wa dawa nne, na 22 upande wa dawa tatu. Figo ni 53 kwa 24. Sijui eneo lingine la ugonjwa huu ambapo ushahidi uko wazi namna hii. Marekani iliidhinisha mpangilio wa dawa nne Januari 2021, na Uingereza ikaukubali katika huduma yake ya afya ya umma mwaka 2024. Msomaji uliyeko huko, hakuna sababu ya kukubali kuanza na tatu bila kuelezwa kwa nini.

Daratumumabu haichoshi mwili kama kemo ya kawaida. Ni sindano ya mililita 15 chini ya ngozi ya tumbo. Muuguzi anaisukuma taratibu kwa dakika 3 hadi 5, na ngozi inainuka kidogo kisha inatulia. Miezi miwili ya kwanza ni kila wiki, miezi minne inayofuata kila wiki mbili, halafu mara moja kwa wiki nne mpaka miaka miwili itimie. Sasa ndipo penye ugumu: bei. Botezomibu iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, kwa ajili ya mayeloma, saratani ya seli za plazma, na viwanda vya India vinaitengeneza kwa majina mengi, kwa hiyo inapatikana Dar es Salaam na Nairobi kwa bei ambayo familia nyingi zinaweza kuichangia. Daratumumabu iko mbali na hapo. Kwa mgonjwa anayejilipia Afrika Mashariki inaweza kumaliza shamba na nyumba kabla ya mwaka kwisha.

Ushauri wangu kwa familia isiyo na hela ya dawa nne ni kuanza na tatu wiki hii. Usimkalishe mgonjwa wa moyo nyumbani miezi mitatu huku mchango ukikusanywa. Dawa tatu zilizoanza leo zinaizuia protini kuendelea kutuama, na daratumumabu inaweza kuongezwa hela ikipatikana. Muulize daktari pia kama kuna faida ya kuipata miezi ya mwanzo tu, inapotolewa kwa wingi, maana hapo ndipo protini inaposhuka kwa kasi.

Mambo mawili yashughulikiwe kabla ya sindano ya kwanza ya daratumumabu. Pima homa ya ini B, kwa sababu dawa hii inaweza kuiamsha kwa mtu aliyeipata zamani na kusahau, na kwetu watu hao ni wengi. Pia kundi la damu lipimwe na kuandikwa kikamilifu, kwa sababu dawa inavuruga kipimo cha kulinganisha damu ya kuongezewa, na usumbufu huo unaweza kudumu miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Tembea na kadi inayosema unatumia dawa hiyo. Siku ya ajali au operesheni, watu wa benki ya damu wataihitaji kuliko karatasi nyingine yoyote.

Wagonjwa wa hatua ya IIIb hawakuingizwa katika ANDROMEDA. Kwao madaktari wanapunguza dozi, hasa ya deksamethazoni, na kusogea kwa tahadhari, pengine wakiwa wodini wiki za mwanzo. Hapa hakuna mpangilio mmoja wa kuiga. Mwenye moyo wa namna hiyo atibiwe palipo na daktari wa damu na daktari wa moyo wanaozungumza wao kwa wao.

Botezomibu nayo ina madhara ya kujua. Inaleta ganzi na kuungua miguuni, na kwa mtu ambaye AL imekwisha kushika neva zake, ganzi hiyo inaongezeka juu ya nyingine. Ukianza kuhisi kama umevaa soksi wakati hujavaa, sema siku hiyohiyo, dozi ipunguzwe. Inaamsha pia mkanda wa jeshi, na ndiyo maana unapewa asaikloviri ya kumeza kila siku. Wagonjwa wengi wanaiacha wakiona haina kazi. Usiiache.

Kupandikiza uloto

Hapa mgonjwa anavunwa seli mama zake mwenyewe kutoka kwenye damu, anapewa melfalani ya dozi kubwa inayofuta uboho, kisha anarudishiwa seli zake. Hakuna mtu mwingine anayechangia, kwa hiyo ndugu wasianze kupimana. Vituo kama cha Boston University vimefanya hivi tangu miaka ya 1990, na kuna wagonjwa waliopona kwenye vipimo na kuishi zaidi ya miaka 15. Kwa mtu anayefaa, ni matibabu yenye historia ndefu kuliko mengine yote hapa.

Ila kufaa kwenyewe ndiyo kazi. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano tu ndiye anayefaa siku ya kugunduliwa. Wengi wanatumia mipaka hii: umri usiozidi miaka 70 au karibu na hapo, namba ya juu ya presha isiyopungua 90, NT-proBNP chini ya 5,000, troponini T chini ya 0.06, figo zinazofanya kazi kiasi cha kutosha, na mtu anayejiweza mwenyewe. Mipaka hiyo imetokana na maumivu. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2007, lenye wagonjwa 100, lilikuta waliopandikizwa wakiishi miezi 22 kwa wastani, na waliopewa melfalani ya kawaida na deksamethazoni wakiishi karibu 57. Baadhi walifariki kwenye upandikizaji wenyewe. Tangu hapo uchaguzi wa wagonjwa ulikazwa, na katika vituo vyenye uzoefu vifo vya namna hiyo vimeshuka chini ya asilimia 5.

Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, kwa wagonjwa wa mayeloma, na hatua hiyo ni ya kujivunia. Lakini mgonjwa wa mayeloma mwenye moyo mzima na mgonjwa wa AL mwenye moyo uliokakamaa hawana hatari sawa kitandani. Popote utakapopelekwa, iwe Dar, Mumbai au London, swali la kuuliza si wamepandikiza wagonjwa wangapi kwa jumla. Uliza wa AL ni wangapi. Ukiona jibu linazungukazunguka, rudi kwenye dawa.

Kwa maoni yangu, dawa nne zimeupunguzia upandikizaji nafasi ya kuwa wa kwanza. Mtu mwenye moyo mzuri anaweza kuanza na dawa, akatazama protini inavyokwenda, na kupandikizwa kama haikushuka vya kutosha. Pale ambapo daratumumabu haipatikani kabisa na mgonjwa ni kijana mwenye AL ya figo tu, upandikizaji unarudi mbele, na hapo safari ina maana.

Kutibiwa nyumbani au kusafiri

India ina madaktari wazuri wa damu na bei ambazo Ulaya hazipo. Faida yake kubwa kwa mgonjwa wetu ni uchunguzi kamili na mpango wa matibabu ulioandikwa, na kwa wachache, upandikizaji. Ila matibabu ya dawa ni ya kila wiki kwa miezi 6. Kukaa huko muda wote huo, na msindikizaji, kodi ya chumba na chakula, kunaweza kuzidi gharama ya dawa zenyewe. Wengi wanafanya vizuri zaidi wakienda mara moja, wakarudi na mpango, kisha wakachomwa sindano zilezile nyumbani chini ya daktari wa damu anayewasiliana na yule wa kule. Mwenye moyo wa hatua ya III asipande ndege mpaka daktari wa moyo aandike kwamba anaweza. Safari ya saa nyingi miguu ikiwa imevimba ni hatari.

Siku baina ya sindano

Shangazi yangu ana daftari la mistari lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa kitanda. Kila asubuhi, akitoka msalani na kabla ya chai, anapanda mzani akiwa na khanga moja, na anaandika uzito, presha akiwa amekaa, na presha akiwa amesimama. Safu tatu tu. Daftari hilo limemsaidia daktari kuliko maelezo yetu yote ya mdomo, kwa sababu maji yanaonekana kwenye mzani kabla hayajaonekana miguuni. Uzito ukipanda zaidi ya kilo moja kwa siku moja, au kilo mbili kwa wiki, mtu anapiga simu kliniki asubuhi hiyo.

Chaguo gumu la kila siku ni kati ya kuvimba na kuzirai. Dawa za kutoa maji zikizidi, presha inaanguka. Zikipungua, mapafu yanajaa. Kwa hiyo dozi ya furosemidi inapangwa na daktari kwa kufuata daftari, na mgonjwa anasaidia kwa chumvi. Lengo ni kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyojificha: vipande vya mchuzi vya dukani, ng'onda, achari, mkate. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu ileile. Chumvi mbadala ya dukani usiitumie bila kuuliza, kwa sababu ina potasiamu, na figo mbovu zikichanganywa na spironolaktoni, dawa nyingine ya kutoa maji, zinaweza kuipandisha mpaka moyo ukasimama.

Kuzirai kunapunguzwa kwa vitu vidogo: kukaa ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, soksi ndefu za kubana, kuweka kiti au kishikio kwenye choo cha kuchuchumaa, kuswali umekaa. Vikishindwa, kuna midodrini, dawa ya kupandisha presha.

Orodha ya dawa za zamani ipitiwe upya yote. Verapamili na diltiazemu hazifai kwa moyo wa amiloidi, digoksini inahitaji uangalizi wa karibu, na hata dawa za presha za kawaida mara nyingi zinapaswa kupunguzwa. Daktari wa zahanati asiyeujua ugonjwa huu ataona moyo umeshindwa na kuongeza hizohizo. Mwambie jina la ugonjwa mapema. Chai ya kijani, ambayo watu wanaisifu mtandaoni, inaweza kuizuia botezomibu isifanye kazi, kwa hiyo iachwe kipindi chote cha sindano. Deksamethazoni imezwe asubuhi, sukari ipimwe, na familia ijue kwamba usiku ule mgonjwa hatalala na kesho yake anaweza kuwa mkali kwa watu asiowakusudia.

Utajuaje njia uliyochagua inafanya kazi

Damu inatangulia, viungo vinafuata. Minyororo myepesi inaweza kushuka ndani ya wiki chache, wakati NT-proBNP na protini ya mkojo vinaweza kuchukua miezi 6 hadi 12, na kwa wengine zaidi. Mgonjwa anayepima nafuu kwa uvimbe wa miguu peke yake atakata tamaa katikati ya matibabu yanayokwenda vizuri. Pima minyororo myepesi kila mwezi, maabara ileile kila mara ikiwezekana, kwa sababu mashine tofauti zinatoa namba zisizolingana. Kama hospitali yako haina kipimo hicho, maabara binafsi huweza kutuma sampuli nje.

Mwisho wa mzunguko wa pili nenda na karatasi mbili, ya kwanza na ya sasa, na uulize tofauti kati ya mnyororo mbaya na ule mzima imeshuka kwa kiasi gani. Ikiwa haijafika nusu, matibabu yabadilishwe sasa, bila kusubiri mzunguko wa sita. Mwenye moyo mbaya aulize baada ya mzunguko wa kwanza tu. Aliyeanza na tatu aongezewe daratumumabu kama inapatikana. Aliyeanza na nne aulize kama seli zake zilipimwa badiliko la t(11;14), linalokutwa kwa karibu nusu ya wagonjwa wa AL, kwa sababu wenye nalo wanaweza kusaidiwa na venetoklaksi, dawa ya kumeza. Asiyepata yoyote kati ya hizo bado ana melfalani ya vidonge na deksamethazoni, dawa za zamani na nafuu, ambazo katika lile jaribio la Ufaransa ndizo zilizowafikisha watu mbali zaidi.